Namba Kumi Aliyeota Mizizi

Bahasha ilifika Sepuka Jumatatu saa nne asubuhi, pamoja na tairi mbili za baiskeli, katoni ya sabuni na kuku mmoja ambaye mwenyewe hakujulikana. Kondakta aliviteremsha mbele ya kibanda cha Stefano, Stefano akasaini kwenye daftari, basi likaendelea na safari yake.

Kibanda kile kilikuwa cha kuchaji simu na kupokea mizigo ya watu. Stefano alikuwa na miaka thelathini na mbili. Alikuwa pia beki wa kulia na nahodha wa Jembe FC, na mjumbe wa kamati ya ufundi ya timu, ile kamati ambayo kila timu inayo na kila timu inakana kuwa nayo. Kazi zote hizo alizifanya kwa uaminifu, na watu walimwachia vitu vyao bila wasiwasi.

Bahasha ilikuwa ya Peniel, na gundi yake ilikuwa imeachia kwa joto la safari. Stefano aliisoma akiwa amesimama. Timu moja ya daraja la kwanza, Dodoma, ilimwalika Peniel kwenye majaribio Jumatatu inayofuata, saa nane mchana, aje na madaluga yake na picha mbili ndogo. Barua ilikuwa na mhuri.

Peniel alikuwa na miaka ishirini na moja, na barua hiyo alikuwa akiingoja tangu Oktoba. Kila jioni akitoka shambani alipita kibandani, akampa Stefano shikamoo yake, akauliza kama kuna chochote. Jioni hiyo pia alipita. Stefano akamwambia bado. Neno lilimtoka kirahisi kuliko alivyotegemea, akarudi kuangalia simu zipi zimejaa.

Sababu yake ilikuwa Jumamosi. Jumamosi Jembe ilikuwa inacheza fainali ya Kombe la Alizeti na timu ya Misigiri, tena nyumbani, na Jembe ilikuwa na mbinu moja tu ya kucheza mpira: apewe Peniel. Kipa aliudaka akamtafuta Peniel. Mabeki waliukoa wakamtafuta Peniel. Mawinga walikimbia pembeni ili wapate mahali pazuri pa kumpa Peniel. Kwa miaka mitatu mbinu hiyo haikuwahi kuwaangusha, na hakuna aliyeona haja ya kujifunza nyingine. Mtu wa namna hiyo akipewa barua ya Dodoma Jumatatu, Jumamosi miguu itakuwa hapa na roho iko kule.

Kamati ya ufundi ilikutana Jumanne saa nane mchana, wakati wengine wote wako kwenye palizi. Mwenyekiti, Mzee Simeoni, alikuwa karani wa ghala la ushirika kabla ya kustaafu, na hakupenda mambo ya vichochoroni. Kikao kilifunguliwa kwa sala, Stefano akaitoa barua, na muhtasari ukaandikwa. Iliamuliwa kwamba daluga la zamani la Peniel, la kushoto, litiwe barua ile pamoja na konzi moja ya nafaka, lizikwe katikati ya uwanja, ili moyo wake utulie nyumbani. Desturi ilitaka uwele. Uwele ulikuwa umekwisha majumbani tangu Novemba, na Mzee Simeoni akasema mbegu ni mbegu, watie alizeti iliyokuwa imebaki kwake, ile chotara ya mwaka huu.

Kosa lilikuwa hapo. Kila mjumbe wa kamati ile alikuwa mkulima, na hata mmoja hakukumbuka kwamba ilikuwa Januari na ardhi ilikuwa imeiva. Walizika, wakasawazisha udongo kwa miguu, wakarudi kwenye palizi. Jioni ikanyesha mvua nzuri, isiyo na upepo.

Alhamisi kwenye mazoezi Peniel alisimama katikati ya uwanja kuanzisha mpira. Filimbi ikapulizwa, wenzake wakaondoka, yeye akabaki. Akaangalia chini, akasema miguu haitoki. Wawili walimshika mabega wakamvuta, akawaambia waache, inamuuma mpaka kiunoni. Stefano alipiga magoti, akafukua kidogo kwa kidole. Nyayo za Peniel zilikuwa zimetoa mizizi, myeupe, myembamba kama uzi wa kushonea magunia.

Mama yake, Agnes, aliitwa kutoka shambani. Alikuja na jembe lake begani, akaushika udongo, akausugua kati ya vidole, akasema angalau ni udongo mzuri. Kisha akang'oa majani yaliyokuwa karibu na miguu ya mwanawe, akamfunga kanga mabegani kwa ajili ya baridi ya alfajiri. Peniel hakutaka kiti wala chakula. Aliomba maji, na akaomba yamwagwe chini.

Dina, bibi shamba wa kata, alifika na pikipiki kabla jua halijazama. Alipima kwa rula na kuandika. Kisha akawaeleza kwamba mizizi bado ni mifupi, watu wanne wakimchimba na udongo wake na kumweka kwenye turubai, atapona ndani ya siku moja. Jumapili jioni mzizi mkuu utakuwa umeshuka, na hapo kumtoa itakuwa kazi ya kijiji kizima kwa siku mbili, shimo la kimo cha mtu. Wachague.

Kamati ilikaa palepale nyuma ya goli. Mzee Simeoni alisema hata akisimama tu, Misigiri watamwogopa, na mtu haondoi nguzo siku mbili kabla ya dhoruba. Anayekubali kwamba isubiriwe Jumamosi ipite, anyooshe mkono. Stefano aliiona mikono ya wenzake juu, akauona na wa kwake ukiwa miongoni mwao.

Jumamosi walikuja watu mpaka kutoka Ikungi. Kapteni wa Misigiri alilalamika kwamba Jembe wana mchezaji aliyepandwa. Mwamuzi, mtu wa Kiomboi mwenye soksi zilizopigwa pasi, alitafakari, akaamua kwamba mwenye jezi aliyesimama ndani ya mistari ni mchezaji, kwa hiyo Jembe wasiingize mwingine badala yake. Kapteni wa Misigiri akaridhika. Akauliza ni mbegu gani, akaambiwa, akasema kwao ile haikufanya vizuri, inataka mvua nyingi.

Kipindi cha kwanza kilikuwa aibu. Ilikuwa saa kumi, jua lilikuwa magharibi, na tangu Ijumaa Peniel alikuwa akilifuata jua kwa uso, asubuhi huku, jioni kule, bila kujitambua. Sasa alikuwa amelielekea goli la Misigiri, na pasi zote zilimjia kwa nyuma, asiweze kugeuka. Walizituma hata hivyo. Mipira ilimgonga mgongoni, ilimpita visigino, ikaokotwa na Misigiri waliosimama hatua mbili kutoka kwake wakingoja kama watu wanaokinga maji bombani. Ulipopigwa mpira mrefu langoni mwa Jembe, Stefano na beki mwenzake wote waliinua macho kumtafuta Peniel wa kuupokea, na mshambuliaji wa Misigiri akapita katikati yao akafunga.

Wakati wa mapumziko Agnes aliingia kwenye duara la wachezaji bila kuitwa. Kila mwezi wa tano Agnes ndiye anayeongoza wanawake wanaopura alizeti kijijini, wakisimama mistari miwili inayotazamana, vichwa vya alizeti katikati kwenye turubai, fimbo zikipanda na kushuka. Wachezaji wote kumi waliwahi kusimama kwenye mistari ile mbele ya mama zao.

"Mnamngoja mwanangu kama mnangoja basi," alisema. "Tukipura alizeti nani anamngoja nani? Fimbo ya huyu ikipanda, ya yule imeshashuka. Hakuna anayeangalia, na hakuna anayegongwa. Chezeni hivyo."

Mmoja akasema lakini wamezoea.

"Basi zoeeni kucheza bila yeye. Barua yake ya Dodoma ikija, msije mkasema hamwezi kumwacha."

Stefano alikuwa akinywa maji. Aliendelea kuishika chupa mdomoni hata maji yalipokuwa yamekwisha.

Kipindi cha pili walianza kwa kujikwaa. Kisha Innocent, winga wa kushoto, akaanza kuimba kwa puani ule wimbo wa kupura, wa Kinyaturu, na mwenzake wa karibu akauchukua, na wa nyuma yake, mpaka kwa kipa. Mpira haukukaa tena kwenye mguu wa mtu kwa muda mrefu kuliko fimbo inavyokaa kwenye kichwa cha alizeti. Hakuna aliyeinua macho kumtafuta mtu. Ulipotoka mguu huu, mguu mwingine ulikuwa tayari uko njiani. Misigiri walikuwa wazuri, lakini walikuwa wanamkaba mtu, na mtu wa kumkaba hakuwepo. Stefano alijisikia mwepesi kama mtu asiyewahi kumwonea mwenzake, na hilo lilidumu nusu saa nzima.

Goli la kwanza alifunga Innocent. La pili hakuna aliyejua nani kalifunga. Wanne walikuwa karibu, na kila mmoja aliapa si yeye. Mwamuzi alihitaji jina la kuandika, akaandika Jembe. Magoli yote mawili yaliingia upande wa mashariki, nyuma ya mgongo wa Peniel, na yeye akayajua kwa kelele.

Zawadi ilikuwa fahali, akachinjwa palepale. Moshi ukatanda, watu wakaimba, wazee wakaletewa viti. Stefano alichukua ndoo ya maji akaenda kwa Peniel, ambaye alikuwa bado amelielekea jua lililokuwa likiishilia.

Akamwambia wameshinda.

"Nimesikia," Peniel alisema. Akangoja maji yanywee kwenye udongo. "Kaka Stefano, barua mliitia kwenye daluga."

Stefano aliiweka ndoo chini.

"Mizizi iliifikia jana mchana. Nimeisoma yote. Jumatatu saa nane." Hakuwa na hasira, au alikuwa nayo mahali pa chini ambapo haikuonekana. "Mlinificha ili tushinde. Tumeshinda. Dada Dina alisema mpaka kesho inawezekana. Nichimbeni basi."

Stefano akasema anakwenda kuleta jembe, na alikuwa anasema kweli. Alikwenda nyumbani, akachukua jembe na turubai, akarudi kwa njia ya mkato, na njia ya mkato ilipita kwenye viti vya wazee. Mzee Simeoni alimwona. Stefano akaamkia, shikamoo yake ikapokelewa, akaulizwa jembe la nini jioni yote hii ya furaha. Akaeleza. Akasema hata barua Peniel ameshaijua, na kwamba leo imeonekana kwa macho ya watu wote, wameshinda bila yeye.

"Hatujashinda bila yeye," Mzee Simeoni alisema taratibu. "Tumeshinda akiwepo. Na Jumamosi ijayo tunaanza hatua ya mkoa."

Stefano alikuwa na jibu. Lilikuwa limeshafika mdomoni. Lakini Mzee Simeoni alikuwa amemnyooshea sahani, ubavu mzima, kipande cha heshima, na sahani ya mzee haipokelewi kwa mkono mmoja. Stefano akalaza jembe na turubai chini, akapokea kwa mikono miwili. Akakaribishwa kiti. Akala. Wengine wakaja kumpongeza nahodha wao, na kila mmoja alistahili kujibiwa.

Jumapili Peniel alimweleza mama yake habari ya barua. Agnes alizunguka nyumba kwa nyumba akitafuta watu wanne. Hakuna aliyemkatalia. Walimpa kiti, wakampa pole, wakasema wanangoja neno la nahodha. Alipofika kwa Stefano alimkuta ametoka kanisani, bado yuko na shati jeupe. Stefano akamwamkia, akamwambia kamati inakaa saa tisa, avumilie kidogo tu.

Agnes hakumlilia wala hakumtukana.

"Uliniacha niongee vile pale mapumziko," alisema, "na barua unaijua ilipo."

Kamati ilikaa saa tisa, ikaahirisha. Jumapili jioni mzizi mkuu ukashuka.

Jumatatu alfajiri Agnes alipiga pasi shati la bluu la mwanawe, akaenda uwanjani akamvalisha juu ya jezi, akamtia picha mbili ndogo mfukoni. Wakasimama wawili mpaka basi la Singida lilipopiga honi na kupita. Kisha akamvua shati lisije likachafuka, akampalilia, akaenda shambani. Mchana akapiga simu kwenye namba ya kwenye barua, aliyotajiwa na mwanawe. Bwana aliyepokea alikuwa mstaarabu, akasema kutakuwa na majaribio mengine tarehe ishirini na nne mwezi wa tatu, ya mwisho kwa mwaka huo, na kijana akishang'oka aje.

Jembe ikaanza hatua ya mkoa. Ilishinda Sekenke, kwenye uwanja wenye mawe, mbele ya wachimbaji waliopanda juu ya vifusi kuangalia. Ilishinda Itigi karibu na reli. Popote walipokwenda wimbo wa puani ulianza dakika ya tano au ya sita, na mpira ukapurwa mpaka ukaingia. Watu walianza kuwaita timu isiyo na mtu. Baada ya kila mchezo Mzee Simeoni aliandika kwenye muhtasari kwamba ushindi umetokana na Peniel kuwepo. Kwa michezo ya ugenini, ambako hakuwepo, aliongeza neno Sepuka.

Agnes alipeleka maombi rasmi, kwa maandishi, kwamba kijiji kitoe siku mbili za kuchimba kabla ya tarehe ishirini na nne. Yaliwekwa kwenye ajenda. Uamuzi uliandikwa mstari mmoja: asiguswe, tunashinda. Stefano alikuwepo kikaoni. Safari hii hakunyoosha mkono, na haikubadilisha kitu, kwa sababu mikono haikuhesabiwa.

Peniel alikuwa amerefuka. Unyoya wa kijani ulikuwa umeota shingoni, na vipepeo walimzoea. Mechi za mazoezi zilichezwa pembeni yake. Stefano alimletea maji kila jioni na kumpa matokeo, na Peniel aliyasikiliza kama mtu anayesomewa habari za nchi nyingine. Jioni ya kuamkia safari ya Manyoni Peniel alimwita.

"Kaka. Fungweni. Mara moja tu. Mkifungwa nikiwa hapa, wataona sina kazi. Watanichimba."

Stefano akamwahidi. Ilikuwa tarehe ishirini na moja ya mwezi wa tatu.

Huko Manyoni alitimiza ahadi yake kadiri alivyoweza. Hakuwaambia wenzake, kwa sababu nahodha hawezi kuwaambia wenzake jambo kama hilo. Dakika ya kumi winga wa Manyoni alimjia, naye Stefano akamwachia njia nyeupe. Winga akapita, akakuta mguu wa Innocent uko pale, ingawa Innocent alitakiwa kuwa upande wa pili wa uwanja. Stefano akarudisha mpira kwa kipa kwa nguvu, uingie, na kipa akauchukua bila kushangaa, kama ni pasi waliyopanga. Kipindi cha pili alisimama kabisa. Mikono kiunoni, katikati ya eneo la hatari, akaacha kucheza. Wimbo ukampita kulia na kushoto. Mpira ukatoka kwa huyu ukaenda kwa yule, ukimzunguka bila kumgusa, na mahali pake palipotakiwa mtu palipatikana mtu. Walishinda mbili kwa sifuri. Kwenye lori la kurudi wenzake walimpa nafasi ya mbele na kumwambia leo amecheza vizuri.

Alipofika Sepuka alipitia kisimani, akajaza ndoo, akaenda uwanjani. Jioni ilikuwa bado mapema, watu wanaswaga ng'ombe kurudi zizini. Alimimina maji taratibu, yote. Peniel hakuuliza matokeo.

"Nilijaribu," Stefano alisema. "Nilisimama kabisa."

"Mkashinda."

"Tukashinda."

Peniel akafikiri.

"Basi na wewe hawakuhitaji," alisema. "Dodoma ni keshokutwa. Wewe huna kinachokushika. Waamshe watu, usisubiri kamati. Anza kuchimba mwenyewe, watakuja."

Stefano akasema ndiyo. Akasema ni kweli kabisa. Aliendelea kusimama pale na ndoo tupu mkononi, akiangalia miguu yake mwenyewe ndani ya udongo uliolowa, na kwa kitambo alidhani, na karibu aombe, kwamba imeshika. Akainua wa kulia, ukatoka. Akainua wa kushoto, nao ukatoka. Akamtakia Peniel usiku mwema, akaenda nyumbani kula.